Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kusajili madaktari wa meno: nipeni mtihani

Matondoni, Lamu
Novemba 2025

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya kusajili madaktari wa meno na kuwapa leseni,

KUH: WALIOSOMEA SUDAN AMBAO STAKABADHI ZAO ZIMEKWAMA KWA SABABU YA VITA, NA OMBI LA KURUHUSIWA KUFANYA MTIHANI

Assalamu alaikum.

Nimewaandikia barua saba. Tatu nilizileta kwa mkono wangu, safari ya siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na nakala zake zimepigwa muhuri wa kupokelewa kaunta. Nyingine nilizituma kwa baruapepe. Nimepata majibu mawili. Nimesubiri kwa adabu niliyofunzwa nyumbani, na wazee wangu walinisihi nisiwaandikie hadharani kwa kuhofia kwamba faili langu litazidi kusukumwa chini. Nimewasikiliza kwa muda mrefu. Sasa naona wako wengi wenye faili kama langu, hapa kwetu, Malindi na Mombasa, na kunyamaza kwangu hakuwasaidii wao wala mimi.

Niseme kwanza mimi ni nani. Ni binti wa fundi wa majahazi wa Matondoni. Nilipata alama za kutosha katika mtihani wa kidato cha nne lakini nafasi za udaktari wa meno katika vyuo vya umma vya hapa nchini ni chache mno, na ada ya kujilipia ilikuwa juu ya uwezo wa nyumba yetu. Wafadhili wakanipeleka Khartoum. Nikasoma miaka 5, nikahitimu mwaka 2022, nikaanza mwaka wa mazoezi ya kazi katika hospitali ya mafunzo. Nilikuwa nimemaliza miezi 6 vita vilipolipuka Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Tulikuwa tumekula daku, na mimi nilikuwa napiga pasi koti la kazi.

Tulitoka siku ya kumi na moja, kwa basi hadi Port Sudan, kisha kwa meli hadi Jeddah. Tuliambiwa mkoba mmoja kila mtu. Mimi nilichukua nguo mbili, msahafu, cheti changu cha shahada, nakala ya matokeo ya miaka yote mitano, na daftari la mazoezi. Daftari hilo nililifunga ndani ya mfuko wa mkate nikalivaa tumboni chini ya buibui. Humo mna kila jino nililoling'oa na kila jino nililoliziba, tarehe yake, ganzi niliyotumia na saini ya daktari aliyenisimamia. Ukurasa mmoja una doa la chai. Ningewaletea mlione, lakini kaunta hawakuniruhusu kulitoa mfukoni.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnanidai bahasha ambayo hakuna awezaye kuituma.

Sharti lenu ni kwamba matokeo yangu yatoke chuoni moja kwa moja hadi kwenu, yasipite mikononi mwangu, ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri juu ya mdomo wake. Sina ugomvi na sharti hilo. Najua limewekwa kwa ajili gani. Chuo changu kilikuwa Khartoum, mtaa ambao kwa miezi mingi haukupitika ila na wenye bunduki. Msajili wa chuo alikimbia kama sisi. Kwa karibu mwaka mzima hapakuwa na simu ya kupokewa wala anwani ya kujibu.

Mwishowe chuo kikafungua ofisi ndogo Port Sudan. Nikawatafuta, nikalipa ada yao, na Februari mwaka huu wakatuma matokeo yangu kwenu kwa baruapepe, kutoka anwani ya chuo, yakiwa na saini ya msajili na namba ya kuyathibitishia mtandaoni. Nililia kwa furaha siku ile. Jibu lenu lilikuja baada ya wiki tisa: haipokelewi kwa baruapepe, na itoke makao makuu ya chuo.

Waheshimiwa, makao makuu ya chuo ndiyo yaliyovamiwa. Mtasema kwamba jeshi lilirejea katikati ya Khartoum tangu Machi 2025. Ni kweli. Mwalimu wangu mmoja alikwenda kuangalia. Alinitumia picha ya chumba cha kumbukumbu: makabati ya chuma yamelala kifudifudi na sakafu imejaa majivu ya karatasi hadi kwenye kizingiti. Picha hiyo niliiambatanisha na barua yangu ya sita. Barua hiyo bado haijajibiwa.

2. Hamsemi ndiyo na hamsemi hapana.

Ningepewa hapana yenye sababu ningejua pa kwenda. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa utaratibu wa haki, na mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bunge likakitungia kifungu hicho sheria mwaka 2015. Ukiomba taarifa kwa ofisi ya umma, sheria ya 2016 inaipa ofisi hiyo siku 21 za kujibu. Mimi niliomba taarifa Mei: ni hatua gani inayofuatwa pale chuo cha mwombaji kinapokuwa kimefungwa na vita? Swali lenyewe ni mstari mmoja. Naandika haya Novemba.

Nikipiga simu naambiwa faili liko mezani. Meza ya nani, sijaambiwa.

3. Mtihani upo, na mimi nimezuiwa mlangoni.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Kwa aliyesomea nje kama mimi, nchi yetu ina mtihani wa kumpima kabla hajaruhusiwa kuanza mazoezi ya kazi. Huo ndio ungo wenyewe. Asiyejua ataanguka, hata kama bahasha yake ni ya dhahabu. Na anayefaulu hapewi wagonjwa akafungiwa nao chumbani. Anapelekwa hospitali, anasimamiwa mwaka mzima na wakubwa zake, ndipo anasajiliwa. Kwa hiyo kati yangu na mgonjwa wa kwanza nitakayemhudumia peke yangu kuna mtihani na kuna miezi 12 ya macho ya watu juu ya mikono yangu. Nayataka yote mawili. Miezi yangu 6 ya Khartoum sitaki hata ihesabiwe; nitaanza upya.

Baba yangu ana miaka sitini na ushei na bado anachonga. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampelekea pamba ya kutia kalafati. Unaisokota, unailowesha sifa, yaani mafuta ya papa, unaigongesha kwa tindo na nyundo katikati ya mbao mbili mpaka ufa unashiba. Ukiijaza kidogo mno, chombo kinavuja. Ukigonga kwa pupa, ubao unapasuka. Miaka mingi baadaye, siku ya kwanza nilipoziba jino la mtu aliye hai, mkono wangu uliijua ile nguvu kabla kichwa hakijaijua. Pale Matondoni fundi mgeni akija kuomba kazi, kutoka Pate au Kizingitini au popote, haulizwi barua. Anapewa mbao na ufa, wazee wanakaa kivulini wanamtazama. Nami naomba hicho hicho: nipeni ufa mnitazame.

4. Walioumia si sisi wenye faili peke yetu.

Agosti mwaka huu, baada ya Isha, jirani yetu mmoja, mvuvi, aliletwa kwetu amewekwa juu ya punda, kichwa kimeinama, kitambaa kimefungwa taya na utosi. Alikuwa na gego la chini lililooza. Lilikuwa likimuuma wiki ya tano. Kwa muda wote huo alikuwa akilitia karafuu na kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya dukani, kwa sababu kwenda kumwona daktari wa meno ni kuacha bahari, ni nauli, na kwa wengi ni kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, na kushika njia ya Witu na Garsen mpaka Malindi.

Nilimmulika kwa taa ya simu. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya pande zote mbili, mgumu kama ubao. Ulimi umeinuliwa juu. Mate yalikuwa yanamtoka kwa kuwa hawezi kuyameza. Yeyote aliyesoma kazi hii anaijua hali hiyo: usaha wa jino umeteremka shingoni na unaweza kumziba mtu pumzi kabla ya alfajiri. Akaninong'oneza, "Mwanangu, ling'oe tu. Sitamwambia mtu."

Sikuligusa. Sina leseni, na hata ningekuwa nayo, usiku ule hakuwa mtu wa kung'olewa jino barazani. Nilichofanya ni kumkalisha wima, kukataa asilazwe chali, na kuita mashua. Nilikaa naye nikimwambia avute pumzi puani mpaka tukafika mjini. Wahudumu wa hospitali walimpokea vizuri, wakamtia dawa mshipani, na asubuhi wakampeleka mbele. Alipona, alhamdulillahi. Alikaa siku kumi na moja hospitalini na aliuza mashine ya mashua yake.

Gego lile, katika wiki ya kwanza, ni kazi ya nusu saa.

Siku hizi Jumamosi nakaa na watoto wa madrasa nawafundisha kupiga mswaki, kwa brashi na kwa mti wenyewe wa mswaki, maana huo kwetu upo na ni mzuri ukitumiwa vizuri. Hiyo haihitaji leseni. Lakini watoto hao wananifungulia midomo niwaangalie, naona mashimo meusi ya magego mbele ya macho yangu, na nawaambia, "Mwambie mama akupeleke hospitali."

5. Ada.

Nimelipa ada ya kufungua faili mara mbili kwa kuwa la kwanza lilihesabiwa limepitwa na wakati. Lilipitwa na wakati likiwa kwenu. Sina zaidi la kusema hapo.

Waheshimiwa, najua mtakayojibu, kwa kuwa mengine nimeambiwa kaunta.

Mtasema vyeti bandia ni vingi. Ni vingi, na mimi nawachukia wenye navyo kuliko mnavyowachukia nyinyi, kwa sababu mimi ndiye ninayeletewa mtu aliyevunjiwa mzizi wa jino ndani ya ufizi na mtu wa uchochoroni mwenye koleo. Lakini mwenye cheti bandia haombi mtihani. Anaukimbia. Mwite mbele ya kichwa cha sanamu chenye meno ya plastiki, mpe mashine ya kutoboa, mwambie aandae jino la kuzibwa, na kwa dakika kumi mtamjua.

Mtasema hata nchi kubwa hutaka karatasi kwanza. Kweli, na nimezisoma taratibu zao moja moja, kwa kuwa kuna usiku nilifikiria kuondoka. Uingereza aliyesomea nje hufanya mtihani wa sehemu mbili: ya kwanza ya maandishi kwenye kompyuta, ya pili ya mikono, ambamo hufanya kazi kwenye kichwa cha sanamu, hupanga matibabu ya mgonjwa, na huonyesha atakavyomwokoa mtu aliyezimia kitini. Canada wana mtihani wa maarifa, kisha wa uamuzi, kisha wa mikono. Australia wanaanza na stakabadhi, wanakwenda kwenye maandishi, wanamalizia kwa vitendo. Marekani ni kuzito zaidi. Majimbo mengi yatakurudisha chuoni miaka miwili au mitatu. Nchi za Ghuba hutumia kampuni maalumu kuthibitisha kila cheti kule kilikotoka, na huko nami ningekwama vile vile. Wote hao ni wakali. Lakini ukali wao umeandikwa, na kila hatua ina jina lake, na mtu anajua amesimama ngazi ya ngapi.

Na yanapotokea majanga hubadilika. Korona ilipoingia mwaka 2020, mtihani wa Uingereza ulisimama. Waliokuwa wamefaulu sehemu ya kwanza walikuwa na miaka 5 tu ya kumaliza ya pili, na wengi muda uliwaishia wakiwa wanasubiri mtihani usiokuwepo. Mwaka 2023 sheria ikarekebishwa wakapewa nafasi ya kumaliza. Maswali hayakupunguzwa hata moja. Mkataba wa Lisbon wa 1997 kuhusu kutambua masomo ya vyuo vikuu una kifungu kizima, cha saba, kwa ajili ya wakimbizi wasioweza kuonyesha vyeti vyao, na mkataba wa dunia wa UNESCO ulioanza kutumika Machi 2023 nao haukuwasahau. Nawatajia pia Zambia, ili msione haya ni mambo ya Ulaya tu: mwaka 2019 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kujaribu ile pasipoti ya elimu ya UNESCO, ambayo humpima mkimbizi kwa vyeti alivyobaki navyo na kwa mahojiano na wataalamu wa kutathmini vyeti. Hapo kuna njia imeshakanyagwa. Mimi ni raia na niko kwetu, sihitaji hata hadhi ya ukimbizi. Nashindwa kuelewa kwa nini mtu aliyerudi kwao apate tabu kuliko aliyekimbilia ugenini.

Mtasema, na hili nililiambiwa kwa mdomo na sitalisahau: "Si uende huko Ghuba kama wenzako?" Mwenzangu mmoja wa Malindi alikata tamaa akaacha kabisa, sasa anauza vifaa vya simu, na ni mtu ambaye nilimwona akitoa gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa bila mgonjwa kushtuka. Mimi nimebaki kwa kuwa mama yangu yuko hapa na kwa kuwa punda alipofunguliwa mlango usiku ule wa Agosti palikuwa na mtu ndani anayejua alitazamalo.

Basi ninayoyaomba ni haya.

La kwanza, na likikubaliwa hili mengine nitayasubiri: mwombaji ambaye chuo chake kimefungwa au kumbukumbu zake zimeteketea kwa vita aruhusiwe kufanya mtihani kwa ushahidi mwingine. Pokeeni baruapepe ya ofisi ya muda ya chuo. Pokeeni daftari la mazoezi. Waulizeni walimu wetu. Wangu watatu wako Cairo na mmoja Riyadh, na wote wamekubali kuhojiwa kwa video siku yoyote mtakayochagua. Ongezeni kiapo mbele ya wakili, ili atakayedanganya ashitakiwe. Akishindwa mtihani, funga faili.

La pili, kila ombi lijibiwe kwa maandishi, lenye sababu, ndani ya siku mtakazozitangaza wenyewe. Sitawachagulia idadi.

La tatu, tarehe za mtihani na silabasi yake zitangazwe mapema, mwaka mzima mbele, na kikao kimoja kwa mwaka kifanyike Pwani. Anayetoka Kiunga kuja kuketi kwenye mtihani wa saa tatu hulala njiani si chini ya mara mbili.

La nne, ada isitozwe mara ya pili kwa faili lililochelewa likiwa mikononi mwenu.

Ikiwa ifikapo mwisho wa Januari sijapata jibu, nitapeleka malalamiko haya kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, pamoja na nakala zote saba na mihuri yake. Nawajulisha mapema ili isionekane nimewavizia.

Namba ya faili langu mnayo. Daftari langu bado liko ndani ya mfuko ule ule wa mkate, kwenye sanduku la mama. Nikiitwa kesho nitapanda mashua ya alfajiri, na nitalileta.

Wenu mwaminifu,

Daktari wa meno anayesubiri leseni,
Matondoni, Lamu